Mti Upi Usitutie Hofu Masika?

SWALI: Ndugu Mhariri, masika yaliyopita mkaratusi wa jirani yetu hapa Utawala, mashariki mwa Nairobi, uling'oka usiku ukaangukia jiko letu la mabati, tukashukuru kwamba hapakuwa na mtu ndani. Kiwanja chetu ni futi 50 kwa 100. Tungependa miti ya kivuli. Je, tupande ipi, na umbali gani kutoka ukutani? – Mama wa Utawala

JIBU: Pole sana, mama. Kabla ya kuchagua mti, tazameni udongo. Upande wa mashariki wa Nairobi una maeneo mengi ya mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi mkono ukaingia ufani, kisha ukavimba na kulainika mvua inaponyesha. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa ndani ya mita moja ya juu, upepo ukivuma udongo ukiwa umeloa, hata mti wenye majani mabichi huweza kung'oka mzimamzima, mizizi ikibeba bonge la udongo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba umbali kutoka ukutani usipungue urefu ambao mti utafikia ukikomaa. Mkaratusi na mgrevilea hupita mita 20, ilhali kiwanja chenu ni kama mita 15 kwa 30. Hata mkiupanda pembeni kabisa, utakuwa umemwelekea jirani. Inayowafaa ni mpera, mkomamanga au mlimau, ukipogolewa usizidi mita nne na kupandwa mita nne au tano kutoka ukutani, mbali na mabomba ya maji taka. Mparachichi nauogopa hapo, kwani mizizi yake huoza maji yakituama.

Mkifika kwenye kitalu, mwombeni muuzaji autoe mche mmoja mfukoni mbele yenu. Mizizi ikiwa imejizungusha chini kama kamba iliyokunjwa, uacheni, hata kama majani yanapendeza, kwa sababu mizizi ya namna hiyo mara nyingi huendelea kuzunguka palepale na mti haupati pa kujishikiza.

Ikiwa jirani amebakiwa na mikaratusi mingine, mwombeni mkaikague pamoja kabla ya mvua. Udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa shina, uyoga kwenye kitako cha mti, au mtaro uliochimbwa ukakata mizizi mikubwa, ni sababu ya kumwita fundi wa miti mapema, baada ya kuulizia kibali cha ukataji katika ofisi ya kaunti.