Ndoo mbili, shogi moja

Wiki iliyopita jarida liliuliza: je, mipango ya kuwataka watu watenganishe taka nyumbani inapunguza kweli taka za mji? Mimi najibu nikiwa Mkomani, Lamu, ambako vichochoro havipitishi lori la taka hata likinunuliwa kesho. Kwa hiyo msomaji wa Nairobi asishangae tukitofautiana.

Inapunguza, ila kwa sharti moja: kilichotenganishwa jikoni kisichanganywe tena mlangoni.

Mtaani kwetu tuliwahi kuletewa ndoo mbili kila nyumba, moja ya taka za kuoza na moja ya taka kavu. Watu walifuata. Hata watoto walijua ganda la embe linakwenda wapi na chupa ya soda inakwenda wapi. Kisha mzoaji anakuja na punda wake, anazipokea ndoo zote mbili na kuzimwaga pamoja ndani ya shogi, kikapu cha mgongoni mwa punda, ukiona kwa macho yako. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Alilipwa kwa safari na mwisho wa safari palikuwa na jaa moja tu. Haukupita muda, ndoo ya pili ikawa ya kufulia. Tukasikia baadaye kwamba mradi umefungwa kwa sababu wakazi hawana mwamko.

Nasema haya kwa sababu mijadala mingi ya kutenganisha taka humalizikia kwenye chupa za plastiki, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka inakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na zile zinazoinukia, kama yetu, zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni mabaki ya chakula na majani. Plastiki, tukichukua dunia nzima, ni kama asilimia 12. Mwenye kupika Lamu hahitaji ripoti kuliamini hilo. Siku ya wali wa nazi na samaki, angalia kinachobaki: machicha, maganda ya vitunguu na ya ndizi, vichwa na matumbo ya samaki, ukoko aliokataa mtoto. Chupa ni moja au mbili. Hizo zinaonekana zaidi kwa sababu zinajaza nafasi na haziozi, lakini mzigo unaomvunja punda mgongo ni ule wa majimaji.

Huo wa majimaji ndio unaonuka, ndio unaoita nzi, panya na paka (na paka wa Lamu hawahitaji kuitwa). Ukifukiwa chini bila hewa hutoa gesi ya methani. Ukichomwa pamoja na plastiki hauwaki sawasawa, unafuka moshi siku nzima. Kisha kuna jambo la maji. Maji ya mji huu yanatoka visimani kwenye machuguu ya mchanga ya Shela. Kisiwa cha mchanga hakizuii kitu. Kinachomwagwa juu kinashuka. Mimi ningependa jaa letu liwe kavu kuliko liwe dogo.

Zamani taka hizi hazikuwa taka. Machicha yalikwenda kwa kuku, maganda kwa mbuzi, na punda alimaliza yaliyobaki. Kilichoharibu ni mfuko wa nailoni: watu wakafunga mabaki humo, punda akala chakula pamoja na mfuko wake, tumbo likaziba. Hapa ndipo ninapokubaliana na wanaosema kutenganisha si dawa ya kila kitu. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, hakuna aliyeombwa kuitenganisha. Ilikatwa huko huko inakotoka. Haijaisha yote, lakini kwa kitu cha aina ile, kukikataza kunashinda ndoo elfu.

Na chupa je? Kwa mji wa bara, chupa iliyotengwa ni pesa. Kwa kisiwa, chupa ni hewa iliyofungwa kwa plastiki, na hewa hiyo ni lazima uilipie nauli: ivuke hadi Mokowe, ng'ambo bara, kisha ipande gari hadi Malindi au Mombasa kwa mnunuzi. Bila mashine ya kuzishindilia, nauli inakula bei yote. Ndiyo maana ninaheshimu kazi ya jahazi la Flipflopi, ingawa wengine hulichukulia kama pambo la watalii. Mafundi wa hapa wakiongozwa na Ali Skanda walilijenga kwa tani kama 10 za plastiki iliyokusanywa, wakalivika kandambili kama 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Jahazi moja halisafishi pwani. Lakini lilionyesha kwamba plastiki ya Lamu inaweza kufanyiwa kazi Lamu, na fundi wa Lamu akalipwa, bila kuisafirisha kwanza.

Kuna wasomaji watakaotaja Korea Kusini, na wana haki. Kule takriban mabaki yote ya chakula hutengwa na kugeuzwa mbolea, chakula cha mifugo au gesi. Lakini tusisahau kilichotangulia: tangu mwaka 1995 mtu analipia taka kwa ukubwa wa mfuko anaotupa, na mwaka 2005 ikakatazwa kuyafukia mabaki ya chakula. Kutenganisha kulihamisha taka kutoka shimoni. Kilichowafanya watu watupe kidogo ni mfuko wa kulipia. Sisi tunayo sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka, inayotaka za kuoza zitengwe na zisizooza, na kaunti ziweke vituo vya kuzichambua. Sheria nzuri. Ila haijafika kwenye shogi.

Kama ningeulizwa tuanzie wapi, ningesema: tuanze na mzoaji. Shogi lina pande mbili tangu lilipobuniwa. Upande mmoja uwe wa kuoza, mwingine mkavu, na alipwe zaidi akifika na pande zisizochanganyika. Bora zaidi, zizolewe kwa siku tofauti. Za kuoza hazingoji, zitoke kila siku, hasa Ramadhani na wiki ya Maulidi wakati sufuria hazipoi. Lakini ndoo kavu ikiwa kavu kweli, inakaa wiki nzima bila kunuka, na safari zinazookolewa hapo zinaweza kulipia zile za kila siku. Soko na hoteli zitangulie, maana mlango mmoja wa hoteli unatoa mabaki kuliko kichochoro kizima. Za kuoza zikishakuwa mboji, ipelekwe mashambani nyuma ya mji, ambako mchanga unameza samadi kama haujawahi kuonjeshwa. Matumbo ya samaki yafukiwe kwa kina, la sivyo mtaanza kulalamikiwa na majirani siku ya pili.

Linalonisumbua bado ni pampasi. Si za kuoza, si kavu, hakuna anayezinunua, na nyumba yenye mtoto mchanga hujaza nazo ndoo kuliko kitu kingine chochote. Bibi zetu walitumia winda na wakafua, lakini sitamwambia mama anayenunua maji kwa mtungi arudi huko. Kwa sasa zitakwenda jaani, na ningeomba tu zisitupwe kwenye ndoo ya maganda, kwa sababu pampasi moja ikiingia humo, mboji ya nyumba kumi imeharibika.