.22 ya zamani ya mbao au mpya ya plastiki?

Mkuu, umeuliza kama uongeze hela uchukue bunduki ya .22 (ile ya risasi ndogo) ya zamani yenye kitako cha mbao, au uchukue mpya ya plastiki ya bei chee. Naishi Pennsylvania, nawinda kindi kila msimu, na zote mbili nimezitumia sana.

Wanaosema plastiki ni takataka hawaijui Nylon 66. Ni .22 ambayo kiwanda cha bunduki cha Remington kiliitoa mwaka 1959, kitako na mwili ni nailoni ya kampuni ya DuPont. Mwaka huohuo Tom Frye, mlenga shabaha wa Remington, alizitumia kulenga vipande vya mbao vilivyorushwa hewani: vipande 100,010, akakosa 6 tu. Ruger 10/22 ya 1964 nayo ilipunguza gharama kwa akili. Mtutu haufungwi kwa nyuzi za skrubu kwenye mwili, unabanwa na kipande cha chuma na skrubu mbili, basi. Kiwandani ni kazi rahisi, na bado inapiga vizuri.

Ninachokikataa ni ubahili unaofichwa mahali ambapo mnunuzi hatazami akiwa dukani. Kuna mpya moja ya bei ya kutupa niliyoinunua: mtutu mzuri kabisa, lakini kitako laini, kinajipinda. Ukiiegemeza juu ya mfuko wa mchanga, kitako kinagusa mtutu na risasi zinahama. Pima mwenyewe kabla hujalipa: pitisha noti ya dola kati ya mtutu na kitako huku ukikibonyeza kitako kuelekea mtutu. Kwenye ile yangu noti ilikwama palepale. Traiga (kifyatulio) nayo nzito, inakwaruza, mpaka ifyatuke umeshaipoteza shabaha.

Shika Winchester 52, .22 ya Marekani iliyotengenezwa kuanzia 1920, ndipo utaelewa hela ya mnunuzi ilikwenda wapi. Traiga inaachia mara moja, bolti (kipande kinachosukuma risasi ndani) inateleza, na chuma kimekaa ndani ya mbao bila mwanya wa unywele. Saa za fundi zinazohitajika hapo ni nyingi, ndiyo maana hatimaye iliacha kutengenezwa. Anschütz wa Ujerumani bado wanatoa bunduki za kiwango hicho, ila bei yake ni ya washindani wa Olimpiki.

Kwa kindi, tafuta CZ 452 iliyotumika, ya Ucheki. Mtutu umefuliwa kwa mashine, kitako kwa kawaida ni mbao, na traiga inarekebishika. Mpe fundi bunduki aikague, kisha nunua pakiti mojamoja za risasi za aina tofauti uzijaribu, maana risasi inayopendwa na .22 hii, nyingine huikataa.