Kwa mnaoanza kuprinti vibao vinavyong'aa gizani: uliza taa kabla ya kuuliza wino

Vijana wa skrini printi mambo vipi. Naona siku hizi wengi mnaulizia wino wa kung'aa gizani, na wateja nao wameanza kuja wenyewe, mahoteli, maghorofa ya ofisi, hospitali, magodauni, wote wanataka vibao vya njia ya kutokea ambavyo umeme ukikatika mtu anaviona bila tochi. Kazi ni nzuri na inalipa kuliko tisheti, ila ina mambo yake ambayo fundi aliyezoea wino wa kawaida hawezi kuyajua mpaka aambiwe, na ukikosea hapa sio suala la mteja kulalamika rangi imepauka tu, kuna mtu siku moja atashuka ngazi kwenye moshi akitegemea hicho kibao chako. Kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho.

Kwanza tuweke sawa mteja anachotaka maana wengi wanachanganya. Kuna rifleketa, ile ya alama za barabarani na makoti ya bodaboda, ile inarudisha mwanga wa taa ya gari kule ulikotoka, taa ikizimwa na yenyewe imezimika. Kuna rangi kali za floresenti, zinawaka sana mchana na kwenye taa za disko lakini gizani hakuna kitu. Halafu kuna hii yetu, inakula mwanga, inautunza, taa ikizima inautoa pole pole. Mteja akikwambia nataka kibao cha geti kionekane usiku gari linapokuja, huyo anataka rifleketa, mwambie ukweli na kama huna mpeleke kwa mwenye nayo. Usimuuzie ya kung'aa gizani kwa sababu tu ndo unayo dukani, itamuangusha na jina litakaloharibika ni lako.

Sasa kiini cha hii kazi yote. Kibao hiki hakina mwanga wake, kinakopa. Kikikopa kidogo kitalipa kidogo, haijalishi umenunua unga wa bei gani (unga ndo ule wa kung'aa unaochanganywa kwenye wino). Ndio maana mimi kabla sijapiga hesabu ya bei nauliza, kibao kinaenda kukaa wapi na hapo pana taa gani, zinawaka saa ngapi mpaka saa ngapi. Unga huu unachajiwa na mwanga wa upande wa zambarau na bluu pamoja na ule wa juu zaidi usioonekana kwa macho, yaani UV, kwa hiyo jua linauchaji haraka sana, tyubulaiti nyeupe inauchaji vizuri, LED nyeupe ile ya ubaridi inafaa, lakini balbu za zamani za njano na LED za njano njano wanazopenda mahotelini kwa ajili ya mandhari zinachaji kwa shida, mwanga wake wa bluu ni kidogo. Korido ya hoteli inaweza kuonekana imewaka vizuri kwa macho yako na kibao bado kikawa na njaa.

Na kuna hili la taa za sensa kwenye ngazi. Majengo mapya mengi yanaziweka ili kupunguza bili, mtu akipita inawaka, akiondoka inazima, sasa kibao kilichokaa gizani usiku kucha kitakuwa kimechajiwa na nini? Moto ukitokea saa tisa usiku hakina kitu. Hapo inabidi umshauri mteja aache taa moja inawaka muda wote karibu na kibao, au achukue kibao cha umeme chenye betri. Mwambie kabisa, hata kama kwa kumwambia hivyo unakosa oda.

Tuje kwenye unga. Sokoni kuna aina mbili kubwa na muuzaji anaweza akakuuzia yoyote kwa jina lile lile. Ya zamani ni zinki salfaidi, ni rahisi, inawaka kijani, lakini chini ya saa moja imekwisha na ikikaa kwenye jua na unyevu inageuka kijivu. Ya pili ni strontiamu aluminati iliyotiwa yuropiamu na disprosiamu, hii ilikuja miaka ya 1990 kupitia kampuni ya Nemoto ya Japani, na inawaka karibu mara kumi ya ile ya kwanza na inadumu masaa. Bei yake iko juu kwa sababu ya hayo madini adimu ndani yake. Kuzitofautisha sio kazi ngumu, chukua kidogo kidogo za kila muuzaji, ziweke pamoja chini ya taa moja, zima, kaa nje ya chumba saa nzima halafu rudi. Dakika ya kwanza zote zitakudanganya, baada ya saa moja utajua ipi ni ipi.

Hiyo strontiamu aluminati ina adui mmoja, maji. Unga ambao haujafunikwa ukikutana na maji unavunjika na kupoteza kung'aa taratibu, kwa hiyo ukitaka kuuchanganya kwenye wino wa maji hakikisha umenunua ule uliovishwa ganda la kuzuia maji, la sivyo tumia wino wa thina au wa kukaushwa kwa taa ya UV. Kwa sisi wa pwani na unyevu huu, mfuko ukishafunguliwa fungeni vizuri, msiuache wazi kwenye meza.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Chembe za unga huu ni ngumu, kama mchanga, ukizikoroga kwa nguvu na kitu cha chuma zinakwangua chuma na wino unaingia ujivujivu ambao unameza mwanga. Tumia kijiti cha mbao au plastiki, koroga taratibu. Na usije ukapata wazo la kuusaga uwe laini ili upite kwenye meshi, chembe zikivunjika zinapoteza nguvu, chembe kubwa ndo zinawaka zaidi. Vaa barakoa pia wakati wa kumimina, vumbi lile sio la kuvuta. Halafu ni mzito, unatuama chini ya kopo haraka, kwa hiyo ukiwa unaprinti kila baada ya muda koroga, sivyo vibao vya mwanzo vitatoka vinawaka na vya mwisho vinatoka na wino mtupu, na mteja akiviweka ukutani vimefuatana ataona tofauti yote.

Meshi sasa. Hapa ndo wengi wanakwama kwa sababu wamezoea meshi (wavu wa skrini) za 77, 90 mpaka 120, yaani nyuzi kwa kila sentimita, kwa ajili ya maandishi madogo. Tundu la meshi linatakiwa liwe kubwa kama mara tatu ya chembe ya unga. Chembe ikiwa ya maikroni 40 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) unahitaji tundu la maikroni 120 hivi, kwa hiyo unaongelea meshi ya 43 ambayo tundu lake linakaribia 150, au chini ya hapo kama unga ni mkubwa zaidi. Ukilazimisha kwenye meshi ya 120 kinachopita ni wino, unga unabaki juu ya skrini, na utakaa unashangaa mbona kibao hakiwaki wakati kopo linawaka. Meshi kubwa maana yake herufi ndogo hazitoki safi, lakini hilo lina njia yake, unaprinti eneo lote la kung'aa kama shiti tupu, halafu maandishi na mchoro unauweka juu kwa wino wa kawaida na meshi ya kawaida. Vibao vya yule mtu anayekimbia mlangoni vinatengenezwa hivyo, kijani kinaprintiwa juu, mtu na mshale vinaachwa wazi ndo vinawaka.

Chini ya hapo lazima pawe peupe. Narudia, peupe. Unga unatoa mwanga pande zote, ule unaokwenda nyuma ukikutana na weupe unarudi mbele, ukikutana na weusi au bati lenye rangi ya giza umepotea. Kama kibao ni cha aluminiamu au akriliki ya rangi, piga besi nyeupe nzito kwanza, ikauke, ndo uje na wino wako. Na sio tabaka moja. Mwangaza unatokana na gramu ngapi za unga ziko kwenye kila mita ya mraba, tabaka moja la skrini ni jembamba, kwa hiyo printi, kausha, printi tena, kausha, mpaka ufikie unene uliopimwa kwenye sampuli yako. Watu wa kubana matumizi hapa ndo wanapoiba, mchana kibao cha tabaka moja na cha matabaka manne vinafanana kabisa, vyote rangi ya maziwa yenye kijani kwa mbali, usiku ndo vinaachana.

Juu usiweke laminesheni ya kuzuia UV bila kufikiri. Ile filamu inazuia sehemu ya mwanga ule ule unaochaji. Haiuwi kabisa kwa sababu bluu inapita, lakini inapunguza. Tafuta klia (ile ya kupaka juu isiyo na rangi) isiyo na kinga ya UV kwa vibao vya ndani, ambako jua halifiki hata hivyo.

Mteja akitaka rangi nyekundu inayong'aa, au ya pinki ya nembo yake, mweleze. Kijani na ile ya kijani-bluu ndo zinawaka kwa muda, na bahati nzuri jicho la mtu gizani linaona vizuri zaidi maeneo hayo hayo ya rangi. Nyekundu zipo ila ni dhaifu na zinaisha mapema. Na usichanganye wino mwekundu wa kawaida ndani ya unga wa kijani ukitegemea upate mwekundu unaowaka, unapata wino uliozimwa.

Kupima ndo sehemu ninayoomba msiifanyie haraka. Najua tulivyozoea, unawasha tochi ya simu, unaigandisha kwenye kibao, unazima taa, mteja anasema waoo, hela inatoka. Tochi ya simu ukiigusisha inatoa mwanga mkali ambao hakuna korido itakayoutoa. Na picha nazo zinadanganya, simu ikiwa kwenye modi ya usiku inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na kibao dhaifu kinatoka kimewaka kama taa. Pima kwa taa inayofanana na ya mahali kitakapokaa, kwa urefu ule ule, kiache kichaji nusu saa (kikishajaa kwa taa ile, kukiacha siku nzima hakiongezi kitu), zima, angalia dakika ya 10 na dakika ya 60. Mwanga unashuka kwa kasi sana dakika za mwanzo halafu unashuka taratibu, kwa hiyo kinachokuonyesha ubora ni hiyo saa moja.

Hizo dakika 10 na 60 sijazitoa kichwani. Azimio la shirika la bahari la kimataifa, IMO, namba A.752(18) la mwaka 1993, kuhusu alama za chini kwenye meli za abiria, linataka mwangaza wa milikandela 15 (hicho ni kipimo cha mwanga) kwa mita ya mraba dakika 10 baada ya taa kuzimwa, na isishuke chini ya 2 kwa dakika 60. Unapoongea na muuzaji muulize namba hizo, asikupe masaa peke yake. Mfuko ulioandikwa masaa 10 au 12 mara nyingi unahesabu mpaka mwanga ufike milikandela 0.3 hivi, ambayo ni kama mara mia ya kiwango cha chini kabisa ambacho jicho lililozoea giza linaweza kukiona. Kweli utaona kitu, lakini mtu aliyetoka kwenye ofisi yenye taa ghafla akaingia gizani macho yake bado hayajazoea, inachukua nusu saa hivi kuzoea kabisa, na mshale wa 0.3 hatausoma.

Wako watakaouliza kama ina mionzi. Swali hilo ni la haki kabisa. Zamani saa za mkononi zilipakwa rangi ya rediamu, na wasichana wa viwandani kule New Jersey, Marekani, miaka ya 1910 na 1920 walikuwa wananyoosha ncha za brashi kwa midomo, wengi wakaugua mifupa na taya na baadhi wakafa, kesi yao ikamalizwa 1928. Strontiamu aluminati haina mionzi. Haijiwashi yenyewe, inasubiri taa. Mjibu mteja kwa heshima, usimcheke, woga wake umetokana na watu waliokufa kweli.

Na akikuuliza kama vitu hivi vinasaidia au ni urembo, mwambie kuhusu New York. Baada ya bomu la 1993 kwenye World Trade Center, ngazi za yale majengo ziliwekewa rangi ya kung'aa gizani, na mwaka 2001 yaliposhambuliwa tena watu walioshuka walizifuata. Mwaka 2004 jiji likapitisha sheria namba 26, maghorofa ya ofisi yenye kimo cha zaidi ya futi 75 yakatakiwa kuweka alama hizi kwenye ngazi, tarehe ya mwisho ikiwa Julai 2006. Angalia kwamba sheria ile haikuishia kwenye kibao cha juu ya mlango. Inataka kingo za ngazi na vizuizi vya njiani. Moshi unakaa juu, kibao cha juu ndo kinazibwa cha kwanza. Ukienda kuchukua vipimo kwa mteja, angalia chini pia, mpe na bei ya mistari ya kwenye ngazi, stika ndefu zile ni rahisi kuprinti kuliko kibao chenyewe na ndizo zitakazomshusha mtu.

Ukishafunga kazi, mwachie mteja karatasi: taa zipi zisizimwe, kibao kifutwe vumbi kwa kitambaa laini, asipake rangi juu yake wakati wa kukarabati ukuta, na asibadilishe taa nyeupe kwenda njano bila kukuita. Rudi usiku mmoja ukiweza, omba walinzi wakuzimie taa za ngazi, panda mpaka juu, ushuke.