Maswali ya Wasomaji: Kura ya mchujo isipotee

SWALI: Katika mchujo wa urais Marekani, mgombea akijitoa baada ya mimi kupiga kura ya mapema, kura yangu imekwenda bure. Hakuna dawa?

JIBU: Ipo, nasi tunaitetea: kupanga wagombea kwa nafasi, 1, 2, 3. Chama cha Democratic kiliitumia mwaka 2020 katika majimbo ya Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming. Anayeshika mkia huondolewa, kura zake humwendea chaguo linalofuata, hadi wote waliosalia wafikishe asilimia 15, kiwango cha kupata wajumbe, yaani wale wanaomteua mgombea wa chama kwenye mkutano mkuu. Angalia tu usiwape wawili namba 1; hapo karatasi huharibika. Republican wanaihitaji zaidi, maana baadhi ya majimbo yao humpa mshindi wajumbe wote, hata asipofikisha nusu ya kura.