Mayai ya minyoo ya ng'ombe yanapofanana: vinasaba vinaweza kutuambia nini?

Swali: Mimi ni afisa mifugo wilayani Muheza, mkoani Tanga. Ndama wa wafugaji ninaowahudumia huchungwa pamoja na mbuzi chini ya minazi na michungwa. Baada ya masika tuliwapa albendazoli, dawa ya minyoo, lakini mayai yameonekana tena kwenye kinyesi, na majibu ya maabara yanasema tu "mayai ya kundi la strongili", yaani minyoo ya duara ya tumbo na utumbo. Je, vipimo vya vinasaba vinaweza kubainisha spishi, na sampuli nizihifadhi vipi?

Jibu: Ndugu Afisa, maabara haikukupunja. Mayai ya minyoo wa kundi hilo, yaani Haemonchus, Cooperia, Oesophagostomum na Trichostrongylus yote yana ganda jembamba na vipimo vinavyoingiliana, kiasi kwamba hata jicho lililozoea hadubini haliwezi kuyatenganisha kwa uhakika. Ukiotesha kinyesi kwa wiki moja hadi mbili na kuchunguza mkia wa lava (mnyoo mchanga) wa hatua ya tatu, utapata jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Spishi ni jambo jingine.

Alama ya vinasaba inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni ITS-2, kipande cha DNA kilicho kati ya jeni mbili za ribosomu, 5.8S na 28S. Jeni hizo za pembeni hazibadiliki sana kutoka spishi moja hadi nyingine, kwa hiyo vianzishi (vipande vifupi vya DNA) vilevile vya PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi ili isomeke, hushika minyoo wengi, ilhali kipande cha katikati hutofautiana. Tena kina nakala nyingi katika kila seli, na ndiyo maana hata lava mmoja hutosha kupimwa.

Kwa mifugo inayochanganyika kama hiyo yako, swali lenye uzito ni kama Haemonchus uliye naye ni H. placei, ambaye kwa kawaida ni wa ng'ombe, au ni H. contortus, anayependelea mbuzi na kondoo lakini huingia kwa ndama bila shida. ITS-2 ya spishi hizi ina herufi za DNA 231, na tofauti kati yao ni herufi tatu tu. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ni thabiti. Tahadhari yangu ni hii: ukisoma DNA ya mayai yaliyochanganywa, ukakuta herufi mbili katika nafasi moja, usikimbilie kusema umepata chotara. Machotara wa spishi hizi wapo kweli, lakini mchanganyiko wa minyoo wa aina mbili hutoa picha ileile. Ni lazima upime lava mmoja mmoja.

Vilevile, uwiano wa DNA katika mayai si uwiano wa minyoo tumboni. Haemonchus jike hutaga maelfu ya mayai kwa siku, ilhali Cooperia hutaga machache sana, hivyo Cooperia wanaweza kujaa kwenye utumbo na wasionekane sana kwenye majibu.

ITS-2 haitakuambia kama minyoo ni sugu kwa dawa. Kwa albendazoli hutazamwa jeni nyingine, ya beta-tubulini ya aina ya kwanza, hasa kodoni (vikundi vya herufi tatu za DNA) za 167, 198 na 200; katika ile ya mwisho, TTC ikigeuka kuwa TAC, dawa hukosa mahali pa kushika. Hata hivyo, nisingelipia kipimo hicho kabla ya kuhakikisha kwamba ndama walipimwa uzito, angalau kwa utepe wa kifua, badala ya kukadiriwa kwa macho, na kwamba mayai yalihesabiwa kabla ya dawa na tena kati ya siku ya 10 na ya 14. Mayai yakionekana baada ya mwezi na zaidi, huenda ndama wameambukizwa upya malishoni.

Kuhusu sampuli, chukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja, kisha ukigawe. Nusu ibaki mbichi kwa ajili ya kuotesha lava. Kutoka nusu ya pili, elesha mayai kwa maji ya chumvi kali na uyasuuze vizuri kwa maji safi, kwa sababu kinyesi kina vitu vinavyozuia PCR, halafu uyahifadhi katika ethanoli ya asilimia 70 au zaidi. Usitumie fomalini, kwani huharibu DNA. Lebo iandikwe kwa penseli na kutumbukizwa ndani ya chupa. Wino wa kalamu hufutika ethanoli inapovuja.