Anasoma vizuri chuoni, skuli anakwama

SWALI: Assalamu alaikum. Mwanangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza hapa Wete. Ana kigugumizi tangu udogoni. Chuoni husoma Kurani na wenzake bila ya kukwama, lakini skuli akiulizwa midomo humtetemeka, mwisho hunyamaza. Mwalimu wake anasema anajitia. Babaake kila mara humwambia "tulia, vuta pumzi, halafu sema". Siku hizi hata dukani hataki kutumwa. Nifanyeje?
Mama, Wete

JIBU: Waalaikumu salaam, mama. Hajitii. Hivyo ndivyo kigugumizi kilivyo. Mtu akisoma pamoja na wenzake, au kwa mahadhi, maneno humtoka kwa sababu wakati wa kuanza kila neno keshapangiwa. Mbele ya mwalimu wa hesabu hupanga mwenyewe, tena kwa Kiingereza, na darasa zima linamtazama.

Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi kimo katika ukoo. Watoto wengi huwaondoka chenyewe. Aliyefika miaka 13 bado anacho huenda akakaa nacho, kwa hiyo msimpimie kwa kukwama. Mpimieni kwa hili: je, anasema alichotaka kusema? Mtoto anayetumwa chumvi akaomba sukari kwa kuwa "ch" imemkatalia, au anayejibu "sijui" kwa jambo analolijua, ana shida kubwa kuliko anayekwama mara kumi akamaliza sentensi yake. Jina lake ndilo gumu zaidi, maana halina badala. Ndiyo maana wengi huogopa kujitambulisha.

Babaake aache "tulia". Ana nia njema, lakini mtoto husikia kwamba ulimi wake ndio unaosikilizwa, maneno hapana. Msimmalizie neno pia, hata mkilijua. Mtazameni usoni kama kawaida, mngoje, kisha mjibu alichosema. Kila siku mpe dakika 10 za peke yake, redio imezimwa na simu imewekwa kando, azungumze apendacho. Wewe sema taratibu kidogo, na akimaliza nyamaza sekunde mbili kabla ya kujibu. Nduguze nao wafunzwe kungoja zamu. Nyumba ambayo kila mtu hudakia maneno humkimbiza.

Anapokwama kwenye "b" au "k", huwa amebana midomo au ulimi, na akizidisha nguvu hubana zaidi. Mfunze kuachia, kisha kuanza tena kwa wepesi, pumzi ikiwa tayari inatoka. Aanze na mistari mitano ya kitabu, peke yake, kwa maneno yasiyomsumbua. Msimsahihishe katikati ya mazungumzo, na msimsomeshe mbele ya wageni ili mwone kama amepona.

Duka lisiachwe. Nendeni pamoja aombe kitu kimoja, baadaye viwili, halafu aende peke yake saa ambayo hakuna foleni. Magharibi, watu wamejaa dukani, iwe ya mwisho kabisa.

Bakora, kokoto mdomoni na kukatwa kilimi haviondoi kigugumizi. Kukata kilimi kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi. Lakini kigugumizi kikimzukia kijana ghafla, hasa baada ya kuanguka, kifafa au udhaifu wa upande mmoja, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 60, mmoja ana kigugumizi kikali. Nimsamehe asiulizwe?
Mwalimu, Makunduchi

JIBU: Usimsamehe moja kwa moja, maalim, atazoea kujificha. Muulize faraghani anavyotaka kusaidiwa. Wengine wanataka kuulizwa mapema, wengine wanataka kunyoosha mkono wenyewe. Kuuliza kwa kufuata mstari wa madawati ndiko kunakomuumiza zaidi: tangu zamu iko mbali anahesabu waliobaki, somo halimwingii tena. Akitaka, mwite miongoni mwa watatu wa mwanzo.

Kusoma kwa sauti kufanyike wawili wawili kwa pamoja, darasa zima, asionekane yeye tu. Wasilisho alifanye kwanza mbele yako na rafiki zake wawili, wiki nyingine mbele ya kundi moja, kisha darasani. Alama ni za hoja, si za kasi, na usimwekee saa. Kwenye mahudhurio anyooshe mkono.

Wakimcheza shere, wakataze hapo hapo kwa sentensi moja, bila ya hotuba itakayomfanya yeye kuwa somo la siku. Kulieleza darasa kuhusu kigugumizi ni hiari yake. Wapo wanaopenda kusema wenyewe, "Nina kigugumizi, nipeni muda", na wengi wakishalisema hilo hupungukiwa na hofu kwa sababu hakuna tena cha kuficha.