Barua kwa mwanangu: kocha anayehama si kocha aliyeshindwa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, wadogo zako wanakusalimu.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umepata ofa ya kufundisha timu nje ya nchi kwa mkataba wa mwaka mmoja, ila wenzako wanakuambia utaishia kuwa kama Dylan Kerr, kila msimu na timu yake. Ukaniuliza: "Mama, wewe ulimwona akiwa Simba. Yule alikuwa kocha kweli au mpita njia?"

Alikuwa kocha, mwanangu, tena mzuri.

Kerr ni Mwingereza aliyezaliwa Malta mwaka 1967, na alicheza namba tatu, beki wa kushoto, kama wewe. Leeds United alipata mechi chache tu. Reading ndiko alikopangwa kila wiki, wakatwaa ubingwa wa daraja la tatu mwaka 1994. Halafu akaenda Scotland, kwenye klabu ya Kilmarnock. Mei 1997 alianza kwenye fainali ya Kombe la Scotland dhidi ya Falkirk, uwanja wa Ibrox. Paul Wright alifunga mapema kipindi cha kwanza, na kuanzia hapo mabeki wakawa na kazi ya kulinda bao moja kwa zaidi ya saa nzima. Wewe umewahi kucheza mechi ya namna hiyo, unajua dakika zinavyokataa kwisha. Walilinda hadi filimbi ya mwisho, 1-0. Kilmarnock walikuwa hawajalibeba kombe hilo tangu 1929.

Alipoacha kucheza akaanza kutembea na kazi ya ukocha: Afrika Kusini, Vietnam, kisha 2015 akatua Msimbazi, kwetu Simba. Septemba watani wetu Yanga wakatufunga 2-0, mabao ya Tambwe na Busungu. Januari 2016 Mtibwa Sugar wakatutoa nusu fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, na Kerr akaondolewa. Hakukaa hata msimu mmoja. Wenzako wanaishia hapo wanapomsimulia, na hapo ndipo wanapomwonea.

Maana mwaka uliofuata alipewa Gor Mahia, akatwaa ubingwa wa Kenya 2017, akaurudia 2018. Juni 2018 pale Afraha, Nakuru, Gor yake ilitufunga Simba 2-0 fainali ya Kombe la SportPesa, mabao ya Kagere na Tuyisenge. Iliniuma, lakini nilimtazama Kerr kwenye runinga nikafurahi kwa ajili yake. Mwezi uliofuata Gor wakaifunga Yanga mara mbili kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika: 4-0 Nairobi, 3-2 hapahapa Dar es Salaam. Ni mtu yuleyule aliyeonekana hatoshi miaka miwili kabla. Kilichobadilika ni wachezaji aliowakuta na viongozi waliompa muda.

Afrika Kusini ndiko penye somo gumu zaidi. Mwaka 2021 aliipa klabu ya Tshakhuma Tsha Madzivhandila Kombe la Nedbank, kombe la mtoano la nchi hiyo. Klabu ikauzwa na kubadilishwa jina, ikawa Marumo Gallants. Msimu wa 2022/23 akairudia wakati tayari inayumba kwenye ligi, akaifikisha nusu fainali ya Kombe la Shirikisho baada ya kuwatoa Pyramids wa Misri. Unaikumbuka mechi ile na Yanga uwanja wa Mkapa, hadi mapumziko bila bila? Gallants walikaba kwa nidhamu mpaka Aziz Ki wa Yanga alipofungua, kisha Morrison akamalizia mwishoni. Marudiano Yanga wakashinda 2-1. Siku chache baadaye Gallants wakashuka daraja.

Sasa niambie, mwaka ule Kerr alifaulu au alifeli? Timu moja, mwezi mmoja, nusu fainali ya Afrika na kushuka daraja. Anayemhukumu kwa urefu wa kukaa kwake hajatazama mpira wa timu zake.

Kwa hiyo mwanangu, mimi nasema nenda. Usiogope kwamba utaondolewa mapema. Karibu kila kocha anaondolewa. Ninachokiogopa mimi ni karatasi. Tangu 2021 kanuni za FIFA zina sehemu inayohusu mikataba ya makocha, na kocha anayefanya kazi nchi ya kigeni anaweza kupeleka madai yake huko asipolipwa. Lakini madai hayo yanasimama juu ya kilichoandikwa. Wakuandikie mshahara na tarehe ya kulipwa, fidia wakivunja mkataba, nyumba, kibali cha kazi nani anakilipia, na nani mwenye neno la mwisho kwenye usajili. Ahadi ya simu usiihesabu.

Nitumie mkataba kabla hujasaini. Nitausoma na baba yako, na mjomba wako wakili ameshakubali kuupitia Jumamosi.

Mama yako